Hesabu ya Arobaini na Saba

Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuhesabu hadi 46. Wataalamu wa kromosomu za binadamu iliwachukua zaidi ya miaka 30 kufika hapo. Mwaka 1923 Theophilus Painter, msomi wa Texas aliyeheshimika na kwa haki, alitangaza kwamba seli ya mtu ina kromosomu 48. Idadi hiyo ikaingia vitabuni, ikafundishwa, ikatungiwa mitihani. Miaka miwili kabla ya hapo, katika taarifa fupi, Painter huyohuyo alikuwa ameeleza kwamba kwenye seli zake zilizo safi kuliko zote alikuta 46 tu. Jicho liliona sawa. Kilichomwangusha ni slaidi.

Nataka kuzungumzia slaidi hiyo na watu waliojua kuitengeneza. Sindromu ya Down, iliyoelezwa na daktari Mwingereza John Langdon Down mwaka 1866, tumezoea kuisikia kutoka kwa madaktari au kutoka kwa wazazi, na pande zote mbili zina mengi ya kusema. Lakini nyuma ya ile sentensi fupi anayoambiwa mzazi, kwamba mtoto wake ana kromosomu moja ya ziada, kuna kazi ya mikono ya hali ya juu. Haisifiwi inavyostahili, kwa sababu ikifanywa vizuri haionekani kabisa. Kinachoonekana ni jibu.

Kwanza tujue ugumu uko wapi. Kwa sehemu kubwa ya uhai wa seli, kromosomu hazihesabiki. Ni nyuzi ndefu mno zilizotapakaa ndani ya kiini. Seli inapokaribia kugawanyika ndipo nyuzi hizo hujikunja na kunenepa, zikawa vijiti vifupi vinavyoshika rangi, na hali hiyo haidumu. Hata hapo vijiti vyote vimebanana kwenye nafasi ndogo ajabu, vimelaliana kama tambi kwenye sahani ya futari. Painter na wenzake waliigandisha tishu kwenye nta na kuikata vipande vyembamba. Kisu hakijui kromosomu inaishia wapi. Kinapita katikati ya kijiti, na mhesabuji anakikuta kipande kimoja huku na kingine kule, anahesabu viwili. Kwa malighafi ya namna hiyo, 48 haukuwa uzembe. Lilikuwa kadirio la mtu makini.

Kilichohitajika ni njia ya kuvitenganisha vijiti bila kuvikata, na njia hiyo ilikuja kwa kosa la kupima chumvi. Mwaka 1952, huko Galveston, Texas, T. C. Hsu, mtafiti aliyezaliwa China, alitazama seli alizootesha akakuta kromosomu zimetawanyika vizuri, kila moja imekaa peke yake. Akarudia kazi ileile, haikutokea tena. Basi akaanza kubadilisha kitu kimoja baada ya kingine, miezi ikapita, mpaka alipofika kwenye maji ya kuoshea seli. Mtu fulani pale maabarani alikuwa amekosea kipimo, na maji yakawa na chumvi kidogo kuliko iliyomo ndani ya seli. Maji ya namna hiyo huingia ndani ya seli, seli ikavimba, na kromosomu zikaelea mbalimbali. Mimi namvulia kofia Hsu hasa kwa miezi ile. Bahati ilikuwa imeshamfikia. Angeweza kuipiga picha na kuishukuru. Yeye aliitafuta mpaka akaijua kwa jina na kipimo chake, hata kesho mtu mwingine aweze kuifanya kwa makusudi. Ila naye, akiwa na seli safi kiasi hicho mbele yake, alihesabu 48. Ndiyo idadi aliyofundishwa.

Walioivunja hesabu hiyo walitoka shambani. Joe Hin Tjio alizaliwa Java, akasomea kilimo, akashughulikia mbegu za viazi, akafungwa na Wajapani wakati wa vita, na hatimaye akaajiriwa Hispania kwenye utafiti wa mimea. Likizo zake alikwenda Lund, Sweden, kwenye maabara ya Albert Levan, mtu aliyejulikana kwa kazi yake juu ya mizizi ya kitunguu. Wanabotania hawa walikuwa na desturi mbili ambazo madaktari hawakuwa nazo. Waliziwekea seli kolchisini, dawa itokanayo na mmea, ambayo huzisimamisha seli palepale kromosomu zinapokuwa fupi na nene. Kisha waliweka kioo chembamba juu ya tone la seli na kulibonyeza kwa kidole gumba, sawasawa, bila kuliteleza, mpaka seli zikalala tambarare. Wakaongeza na maji mepesi ya Hsu. Desemba 1955 Tjio akatazama seli za mapafu ya kijusi cha binadamu: 46. Seli nyingine: 46. Walipochapisha mwaka uliofuata walikuwa wamehesabu seli zaidi ya 200, na hata hivyo waliandika kwa unyenyekevu wa watu wanaojua wanagusa kitabu cha mwalimu.

Mtu ninayempenda zaidi katika habari hii yote, hata hivyo, ni Marthe Gautier. Alizaliwa mwaka 1925 katika familia ya wakulima, nje ya Paris upande wa mashariki, akamfuata dada yake mjini kusomea udaktari. Dada aliuawa mwaka 1944 majeshi ya Ujerumani yalipokuwa yakirudi nyuma. Gautier akaendelea na masomo, akawa daktari wa watoto, na mwaka 1955 akaenda Harvard kwa ufadhili wa Fulbright kujifunza magonjwa ya moyo ya watoto. Huko akapewa pia kibarua maabarani: kuotesha seli kwenye vyombo vya kioo. Haikuwa kazi ya heshima kwa daktari. Aliishika kwa mikono miwili.

Aliporudi Paris mwaka 1956, nafasi aliyoitarajia ilikuwa imeshapewa mwingine. Akaangukia Hospitali ya Trousseau, chini ya Profesa Raymond Turpin, ambaye kwa miaka mingi alihisi kwamba chanzo cha sindromu ya Down kiko kwenye kromosomu, lakini hakuwa na mtu wa kumwoteshea seli. Gautier akamwambia kazi hiyo anaiweza, akipewa chumba. Chumba akapewa, pamoja na friji, mashine ya kuzungushia sampuli, na hadubini dhaifu. Fedha hakupewa. Akakopa kwa jina lake mwenyewe, akanunua vyombo vya kioo.

Chakula cha seli nacho hakikuwa cha kuagizwa kwa katalogi. Plazma aliipata kwa jogoo, aliyefugwa kwa kazi hiyo, akimtoboa mshipa na kumvuta damu. Kutoka kwenye mayai yaliyoatamiwa siku 11 alitoa viinitete, akavisaga, akapata kiowevu cha kuchochea seli kukua. Seramu ya binadamu alijitoa mwenyewe: mtoaji wa bei nafuu, tena yupo saa zote. Nadhani binti wa mkulima ndiye pekee katika jengo lile aliyeweza kumshika jogoo bila zogo, ingawa hilo halimo kwenye makala yoyote ya kisayansi.

Ukiweka plazma na kile kiowevu cha kiinitete pamoja, huganda, na kipande kidogo cha tishu hunasa hapo kwenye kioo. Siku kadhaa baadaye seli huanza kutambaa kutoka ukingoni mwake. Hapo kuna kusubiri, na kusubiri kwenyewe kuna akili yake: ukizitoa mapema ni chache mno, ukichelewa zimeshasongamana na kuacha kugawanyika. Kisha yale maji mepesi, ambayo Gautier aliyarekebisha kwa kuyachanganya na seramu. Kisha dawa ya kuzigandisha seli zilivyo. Na hapa akaachana na kidole gumba. Aliziacha seli zikauke zenyewe juu ya slaidi. Kidole gumba hakina kipimo. Leo kimebonyeza vizuri, kesho kimepasua seli na kusukuma kromosomu kwa jirani. Kukauka nako kuna matata yake, lakini hakuna pupa.

Kitu kingine cha kumsifu ni mpangilio wake. Hakumkimbilia mtoto mwenye sindromu. Alianza na tishu za watoto wasio nayo, zilizopatikana wakati wakifanyiwa upasuaji wa mambo mengine, akahesabu mpaka akaridhika kwamba kwa mkono wake na kwa njia yake mtu wa kawaida hutoa 46. Angekuta 47 kabla ya kufanya hivyo, asingekuwa na la kusema. Seli iliyopasuka hupoteza kromosomu na iliyo jirani huokota. Mei 1958 ikaja sampuli ya mtoto mwenye sindromu ya Down. Seli baada ya seli, 47. Kijiti kimoja cha ziada, miongoni mwa vile vidogo kabisa.

Yaliyofuata yanajulikana kuliko kazi yenyewe, nami sitayakalia sana. Hadubini yake haikuweza kupiga picha. Jérôme Lejeune, mtafiti kijana wa Turpin, alizichukua slaidi zipigwe picha kwingine. Yeye ndiye aliyetangaza matokeo Montreal mwaka 1958, na makala ya Januari 1959 ikatoka jina lake likitangulia, la Gautier likifuata, tena likiwa limekosewa tahajia. Kwa nusu karne dunia ilimjua Lejeune. Gautier alirudi kwenye magonjwa ya watoto, na mwaka 2009 akaandika alivyoyaona. Mwaka 2014 kamati ya maadili ya INSERM, taasisi ya utafiti wa tiba ya Ufaransa, ilisema mbinu yake ya kuotesha seli ilikuwa sharti la ugunduzi, na kwamba haielekei mchango wa Lejeune ulikuwa mkubwa kuliko wa wengine. Wafuasi wa Lejeune hawakubali. Gautier alifariki mwaka 2022. Kwangu mimi ushahidi uko kwenye jogoo: anayefuga jogoo kwa ajili ya plazma hafanyi hivyo kwa sababu anataka kutajwa.

Mwaka uleule wa 1959 Patricia Jacobs na wenzake wa Edinburgh walichapisha hesabu hiyohiyo, wakiwa wameifikia kwa njia yao.

Mambo yakarahisika haraka. Mwaka 1960 Peter Nowell wa Philadelphia alikuwa akitumia utomvu wa maharage mekundu kuondoa chembe nyekundu kwenye damu, akagundua kwamba utomvu huo unafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: unaziamsha chembe nyeupe na kuzifanya zigawanyike. Kuanzia hapo hapakuwa na haja ya kumkata mtu nyama. Damu kidogo, protini ya maharage, saa 72 kwenye joto la mwili, na seli ziko tayari. Jogoo akapumzika.

Lakini mkono haukupumzika. Njoo karibu na fundi wakati anapodondosha seli kwenye slaidi. Seli zimeshavimbishwa kwa maji mepesi na kuoshwa mara kadhaa kwa mchanganyiko wa methanoli na asidi ya siki, sehemu tatu kwa moja. Zimebaki mashapo meupe ndani ya kimiminika angavu, chini ya neli ya majaribio. Slaidi inatoka kwenye maji baridi, bado ina unyevu, imeinamishwa kidogo. Anaachia tone moja kutoka juu. Tone linatua, linatanuka kwa duara, na hapo fundi hatazami tena tone bali ukingo wake, jinsi unavyorudi ndani kadiri kimiminika kinavyokauka. Kikikauka upesi, seli zinajikunyata kabla hazijajitandaza na kromosomu zinabaki rundo moja. Kikikawia, zinatawanyika kupita kiasi na huwezi kujua ipi ni ya seli ipi. Siku ya mvua na siku ya kaskazi hazitaki mkono mmoja. Wapo wanaoipulizia slaidi pumzi ya mdomo, haa, kuongeza unyevu kwa sekunde mbili tatu. Vitabu vya maabara hutaja joto na unyevu unaofaa. Pumzi hujifunzi kitabuni.

Halafu rangi. Anayefanya kazi kwenye zahanati yoyote ya kwetu anaijua Giemsa, ile rangi ya zambarau inayofichua vimelea vya malaria kwenye damu. Mkemia Gustav Giemsa aliitengeneza Hamburg mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili hiyohiyo ya malaria. Rangi hiyo ndiyo iliyokuja kuzipa kromosomu nyuso. Mwaka 1971 Marina Seabright, mtaalamu wa maabara huko Salisbury, Uingereza, alieleza njia yake: slaidi inaguswa na tripsini, kimeng'enya cha kusaga protini, kwa muda wa sekunde chache, kisha inatiwa Giemsa. Badala ya kijiti kilichokolea chote, unapata mistari myeusi na myeupe, na kila kromosomu ina mpangilio wake isioushiriki na nyingine. Tripsini ikikaa pungufu, mistari haitoki. Ikizidi, kromosomu inavimba na kufifia. Fundi mzoefu hujaribu slaidi moja kwanza, anaitazama, ndipo anaamua hizo nyingine zikae sekunde ngapi. Dawa ni ileile na chupa ni ileile, lakini slaidi ya jana na ya leo hazikubaliani.

Kabla ya kompyuta, baada ya rangi ulikuja mkasi. Picha ya seli ilisafishwa kubwa, na kila kromosomu ikakatwa kwa mkono, kijikaratasi kidogo kidogo, kisha vyote 46 vikapangwa mezani jozi kwa jozi kuanzia kubwa hadi ndogo na kugundishwa kwenye karatasi. Kazi hii ilikuwa na hofu yake. Kijikaratasi kimoja kikianguka chini ya meza au kikipeperushwa na feni, mtoto wa mtu amepungukiwa kromosomu. Siku hizi programu hupendekeza mpangilio, lakini bado kuna jicho la mtu linaloyapitia na kurekebisha, na desturi ni kuchunguza seli kama 20 kabla ya kuandika jibu.

Mistari ile ina maana kubwa kwa sababu kuhesabu peke yake kunadanganya. Kati ya watu 100 wenye sindromu ya Down, kama 95 wana kromosomu ya 21 mara tatu, zikiwa huru. Lakini watatu au wanne hivi, ukiwahesabia, unakuta 46 kamili. Nyenzo ya ziada ipo, ila imejishikiza kwenye kromosomu nyingine, mara nyingi ya 14. Mwaka 1960 madaktari wa London walimwona mgonjwa wa namna hiyo na kulielewa fumbo. Na wakati mwingine mama au baba, mwenye afya njema kabisa, ana 45, kwa kuwa mbili zake zimeungana. Kwa wanandoa wanaouliza kama mtoto anayefuata naye atakuwa hivyo, tofauti kati ya aina hizi mbili ni kubwa sana, na haionekani kwa kumtazama mtoto usoni. Inaonekana kwenye slaidi iliyofanywa vizuri. Katika hospitali zetu nyingi za wilaya kipimo hiki hakipo, na mzazi huambiwa jibu la macho tu. Kwa swali la mtoto ana nini, macho mara nyingi yanatosha. Kwa swali la mtoto ajaye, hayatoshi.

Jambo dogo la pembeni: kromosomu zilipewa namba kwa ukubwa, na baadaye ikabainika kwamba ya 21 ni ndogo kuliko ya 22. Walikuwa wamezipishanisha. Lakini namba 21 ilikuwa imeshazoeleka, wakaiacha. Udogo huo ndio unaofanya watu wenye tatu waweze kuishi. Kromosomu nyingi nyingine zikizidi, mimba haifiki. Mwaka 2000 watafiti, wengi wao wa Japani na Ujerumani, walichapisha usomaji wa kromosomu ya 21 na kuorodhesha jeni 225. Mojawapo hutengeneza protini ambayo vipande vyake hujikusanya kwenye ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, na ndiyo sababu watu wenye sindromu ya Down huupata ugonjwa huo mapema na kwa wingi.

Kutoka jeni 225 hadi namna mtoto anavyofikiri ni mwendo mrefu, na hapa ufundi unabadilisha vyombo. Hakuna hadubini inayoonyesha kumbukumbu. Mwanasaikolojia anayetaka kujua kumbukumbu ya mtoto mwenye sindromu ya Down anakutana na tatizo lilelile la Painter: vitu vimelaliana. Mwambie mtoto ayarudie maneno manne. Amekosa. Je, amesahau? Au hakusikia vizuri, kwa kuwa watoto hawa wengi huwa na majimaji kwenye sikio la kati? Au amesikia na kukumbuka, ila ulimi hautoi maneno yanayoeleweka? Au hakuelewa anachotakiwa kufanya? Mitihani ya akili ya zamani ilivikata vyote hivi kwa kisu kimoja na kutoa namba moja. Namba hiyo ilikuwa na mamlaka kubwa, na madhara yake yalikuwa makubwa pia.

Tazama jinsi wanasaikolojia Christopher Jarrold na Alan Baddeley walivyovitenganisha nchini Uingereza katika miaka ya 1990. Walichukua kazi mbili zinazofanana kwa umbo. Ya kwanza ni kurudia mfululizo wa tarakimu unaotamkwa. Ya pili inatumia ubao wenye vipande tisa vya mbao vilivyopangwa bila utaratibu, uliobuniwa na Philip Corsi kule Montreal: mtahini anagusa vipande kadhaa kimoja kimoja, na mtahiniwa anavigusa kwa mfuatano uleule. Zote mbili zinapima kitu kimoja, kushika mfuatano kwa sekunde chache. Tofauti ni mlango wa kuingilia: moja huingia kwa sikio, nyingine kwa jicho. Watu wenye sindromu ya Down walilinganishwa na watu wengine wenye uwezo wa jumla unaokaribiana nao. Kwenye vipande vya mbao hawakuachwa nyuma. Kwenye tarakimu waliachwa.

Fundi wa kawaida angeishia hapo. Majaribio yaliyofuata yaliuliza: labda ni sikio tu? Labda ni ulimi? Yakatengenezwa maswali ambayo kusema hakuhitajiki sana, na usikivu wa watahiniwa ukapimwa na kuzingatiwa. Tofauti ilibaki. Ndipo likaweza kusemwa neno lenye uzito, kwamba kuna udhaifu wa kushika sauti za maneno kwa muda mfupi, na kwamba hautokani tu na masikio wala matamshi. Mimi husoma makala hizo kwa raha ileile ninayoipata kwa habari za Gautier kuanza na watoto wa kawaida. Kila jaribio linafunga mlango mmoja wa kutokea, na mtafiti anaufunga mwenyewe kabla mpinzani hajaupitia.

Kuna kosa jingine la mtihani ambalo lilichukua muda kusahihishwa. Ukitunga maswali yanayoanzia juu mno, watoto wengi watapata sifuri, na sifuri haina habari. Inakueleza kwamba mtihani haukumfikia mtoto, basi. Dawa ikija kesho ikamsaidia kidogo, mtihani huo hautaona. Kwa ajili hiyo kundi la Chuo Kikuu cha Arizona, akiwemo Lynn Nadel aliyeitafiti hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, maisha yake yote, lilichapisha mwaka 2010 mkusanyiko wa majaribio kwa ajili ya watu wenye sindromu ya Down: mengi hayategemei lugha, ni ya kugusa kioo cha kompyuta, yanaanzia chini kabisa na kupanda taratibu. Katika mojawapo visanduku hufunguka kimoja kimoja, kimoja kina mchoro, na mtoto anakumbuka mchoro ulikuwa wapi. Mwanzo vinakuwa vichache kiasi kwamba karibu kila mtu ataanza kwa kufaulu. Nimesikia watu wakiita hili kuwapendelea. Lakini hata kuotesha seli kunaanza kwa kuzipa joto zinalolitaka.

Panya wa maabara nao wamo katika habari hii, hasa wale wa mtafiti Muriel Davisson wa Bar Harbor, Marekani, waliozaliwa na nyongeza ya kipande cha kromosomu kinachofanana na sehemu ya 21 yetu. Dawa kadhaa ziliwasaidia panya hao kujifunza, lakini kwa watu hazijathibitika kufanya hivyo. Panya wale walibeba pia jeni za ziada zisizohusika na sindromu ya Down, jambo ambalo mtaalamu wa slaidi angelitilia shaka mapema.

Kilichofika darasani kilitoka kwingine. Mwaka 1980 Sue Buckley, mwanasaikolojia wa Portsmouth, Uingereza, alifikiwa na barua ya baba mmoja aliyeeleza jinsi binti yake mwenye sindromu ya Down alivyofundishwa kusoma tangu utotoni kwa kadi zenye maneno. Wakati huo wengi waliamini kwamba watoto hao hawawezi kujifunza kusoma. Buckley hakuitupa barua, wala hakuitangaza. Alianza kujaribu na watoto wengine, akakuta kwamba wengine huyatambua maneno yaliyoandikwa hata kabla ya kuyasema vizuri. Matokeo ya vipande vya mbao yalipokuja miaka mingi baadaye, yaliendana na alichokiona: neno la kadi huingia kwa jicho, tena halikimbii.

Mafunzo yenyewe hufuata hatua tatu. Mtoto analinganisha kwanza, anaweka kadi ya neno juu ya nyingine iliyo sawa nayo. Kisha anachagua: mwalimu anataja neno, mtoto anaokota kadi yake. Kutaja kwa mdomo kunakuja mwisho, kwa kuwa ndiko kunakomwelemea zaidi. Mtoto anayeokota kadi sahihi kila mara bila kutamka kitu anaandikwa kwenye daftari kuwa amelijua neno, na mwalimu anahamia neno jingine.